Ekseli ya nyuma: jua kwanza inavunjwa na nini, ndipo uiongezee nguvu

Gari la porini likikwama kusini mwa Sikonge au kwenye milima ya Buhigwe, na ikagundulika kwamba shafti ya nyuma imekatika, ushauri unaotolewa gereji karibu zote ni ule ule: tafuta nene zaidi. Wapo wanaoufuata na gari likapona. Wapo pia wanaonunua shafti ngumu ya bei kali, wakaifunga vizuri, na msimu unaofuata wakavunja krauni na pinioni (gia mbili za ndani ya difu, katikati ya ekseli), au beringi ikala chuma, au hausingi yenyewe, lile ganda la chuma linalofunika shafti, ikapinda. Hao hawakuuziwa spea mbovu. Walitibu ugonjwa ambao gari lao halikuwa nao.

Ekseli ya nyuma ina kazi mbili. Inabeba: bodi, mzigo na abiria wanakaa juu ya springi, springi zinakaa juu ya hausingi, na hausingi inashikiliwa na matairi. Pia inazungusha: nguvu ya injini inapita giaboksi, propela shafti, pinioni, krauni, kisha shafti mbili za pembeni hadi matairini. Kubeba kunakipinda chuma, kuzungusha kunakisokota. Gari la mashindano ya kupanda miamba linaumizwa zaidi na msokoto. Gari la kwetu, linalopeleka mbolea Urambo na Kaliua wakati wa mvua na kubeba tumbaku wakati wa kiangazi, linalotoa chumvi Uvinza au kumkimbiza mama mjamzito kutoka kijijini hadi hospitali ya wilaya, linaumizwa na vyote viwili, na mara nyingi mzigo ndio unaotangulia.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza shafti ina unene gani, uliza kama shafti hiyo inalibeba gari au inazungusha tu.

Kwenye aina moja ya ekseli, semi-flotingi, tairi limefungwa moja kwa moja kwenye kichwa cha shafti. Shafti inapita ndani ya beringi iliyoko mwisho wa hausingi, na uzito wote wa upande ule unapitia kwenye shafti kabla ya kufika chini. Chuma kile kile kinasokotwa na injini na kupindwa na mzigo kwa wakati mmoja. Na kwa kuwa kinazunguka, upande uliokuwa unavutwa unabanwa nusu mzunguko baadaye, kilomita baada ya kilomita. Ni kama kumtwisha mtu gunia kichwani na papo hapo kumtaka asage mahindi kwa jiwe. Toyota Hilux nyingi na Land Cruiser Prado ziko hivi.

Aina ya pili ni fuli-flotingi. Hapa tairi limefungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na habu inazunguka kwa beringi mbili juu ya ncha ya hausingi yenyewe. Uzito unashuka kutoka hausingi kwenda beringi, habu, tairi, ardhi. Shafti inapita katikati bila kuguswa na uzito huo. Kazi yake ni kuzungusha basi. Land Cruiser pikapu na hadtopu za mfululizo wa 70, zile tunazoziita Mkonga, nyingi zina ekseli hii. Land Rover Defender za zamani nazo ni hivyo hivyo.

Kuzitofautisha hakuhitaji spana. Chuchumaa nyuma ya gari utazame katikati ya rimu. Ukiona habu imechomoza nje, na juu yake kuna kifuniko cha chuma kilichozungukwa na nati ndogo, hiyo ni fuli-flotingi. Fungua nati hizo, gonga kidogo ili vikoni vinavyobana stadi (zile bolti zinazoshika nati) vilegee, na shafti inachomoka mkononi mwako gari likiwa limesimama juu ya matairi yake, hata na mzigo wake. Kama katikati ya rimu hakuna nati zaidi ya zile za tairi, ni semi-flotingi, na kutoa shafti kunataka jeki, kuvua tairi na kuvua dramu.

Tofauti hii inaonekana zaidi siku ya mkasa. Shafti ya fuli-flotingi ikikatika, tairi linabaki mahali pake. Unachomoa vipande, unaziba tundu oili isimwagike, unaingiza fo-wili, na gari linarudi nyumbani likivutwa na matairi ya mbele. Ukiwa porini ambako mtandao wa simu haushiki, huo ni uhai. Shafti ya semi-flotingi ikikatika ndani ya beringi, tairi linabaki likining'inia na kuyumba. Ikikatika nje ya beringi, tairi linaondoka na dramu yake, na breki ya upande ule inaondoka nalo. Kwa gari linalobeba wagonjwa au wanafunzi, mimi ningehesabu jambo hili kabla ya hesabu nyingine yoyote ya nguvu.

Ndiyo maana msimamo wangu uko wazi: kama gari lako ni la kubeba mizigo na lina semi-flotingi, fedha ya kwanza ipeleke kwenye kutafuta ekseli nzima ya fuli-flotingi, hata iliyotumika, kuliko kununua shafti nene na kuziacha ziendelee kubeba gari. Unene utachelewesha kuvunjika. Fuli-flotingi inaiondolea shafti kazi moja kabisa.

Sasa tuje kwenye msokoto. Chukua injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 iliyoenea kwenye Mkonga za mikoa hii. Nguvu yake ya kuzungusha inafika takriban newton-mita 285. Gia ya kwanza inaizidisha kama mara 4, gia nzito ya fo-wili kama mara 2, difu mara 4.1. Ukizidisha vyote unapata zaidi ya newton-mita 9,300. Kwa kawaida zinagawanyika kati ya mbele na nyuma, kisha kulia na kushoto, kwa hiyo kila shafti inapata robo tu. Lakini matairi ya mbele yakiwa yanaelea kwenye shimo, na difu ya nyuma ikiwa imefungwa kwa difu loki, kifaa kinacholazimisha matairi mawili ya nyuma kuzunguka pamoja, shafti moja ya nyuma inaweza kuelekezewa karibu zote.

Kinachoiokoa ni tairi, kwa sababu tairi likizidiwa linateleza. Tairi la 7.50R16 lina nusu kipenyo cha kama mita 0.4. Likiwa na kilo 1,000 juu yake, kwenye ardhi kavu ngumu, linashika hadi kama newton-mita 3,100 ndipo linaanza kuteleza. Lipakie gari hadi tairi hilo libebe kilo 1,500, na kizingiti kinapanda hadi kama 4,700. Injini ni ile ile na dereva ni yule yule, ila mzigo umelikandamiza tairi lisiteleze, na msokoto ambao zamani ungeishia kwenye vumbi sasa unaingia kwenye shafti. Kwa hiyo mzigo unaiumiza ekseli mara mbili: unaipinda, halafu unairuhusu injini iisokote zaidi. Matairi makubwa yanafanya jambo linalofanana na hilo. Ukipanda kutoka inchi 30 hadi 33, umeongeza asilimia 10 kwenye msokoto ambao shafti italazimika kuuhimili kabla tairi halijaachia.

Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaogeuka gundi mvua za Desemba zikikolea, mambo ni tofauti. Tairi halishiki kabisa, linazunguka bure, na dereva anaongeza mafuta. Kisha linakutana na kisiki au jiwe lililozama kwenye tope. Uzito wote wa tairi na rimu uliokuwa unazunguka kwa kasi unasimamishwa ghafla, na pigo hilo linakwenda moja kwa moja kwenye meno ya shafti. Shafti nyingi zinazokufa mbugani zinakufa kwa sekunde hiyo moja. Mguu wa dereva ni sehemu ya ekseli, na hakuna duka linalouza mguu mwingine.

Shafti ikivunjika, usitupe vipande. Vioshe kwa mafuta ya taa, vipanguse, uvitazame juani, maana chuma kilichovunjika kina maelezo yake. Ukiona sehemu kubwa ya uso wa mvunjiko ni laini, ina mistari myembamba ya upinde inayoanzia sehemu moja ya ukingo, na upande wa pili kuna kipande kidogo chenye chembe chembe za kung'aa, huo ni uchovu wa chuma. Ufa ulianza zamani, ukawa unatambaa kidogo kidogo, na siku ya kuvunjika ilikuwa ya kumalizia tu. Kwenye semi-flotingi ufa wa namna hii hupenda kuanzia karibu na beringi, pale shafti inapopindwa zaidi. Hapo adui ni mzigo, au beringi iliyochakaa, au hausingi iliyopinda.

Ukiona mvunjiko umekatiza shafti moja kwa moja, uso wake una mviringo wa kusokoteka na hauna ile sehemu laini, shafti ilizidiwa kwa pigo moja. Tazama pia meno ya mwisho wa shafti, hata ile ambayo haijavunjika. Meno yanatakiwa yanyooke. Pitisha ukucha juu yake. Yakiwa yamejipinda upande, chuma kimeshavuka mpaka wake na hakitarudi. Shafti hiyo usiifunge tena hata kama bado inaingia vizuri. Hapa adui ni msokoto kweli, na hapa ndipo shafti nene au ya chuma bora inapolipa.

Kuna la tatu linalosahaulika. Kwenye fuli-flotingi, nati za kile kifuniko cha nje zikilegea, kifuniko kinaanza kucheza, stadi zinakatika moja baada ya nyingine, na gari linasimama huku shafti ikiwa nzima kabisa. Tiba ni stadi mpya, vikoni vipya na kukaza kwa kipimo. Inauma kuona mtu akinunua ekseli kwa sababu ya nati.

Kuhusu unene, uwezo wa shafti kuhimili msokoto unapanda kwa kipenyo kilichozidishwa mara tatu kwa chenyewe. Shafti ya milimita 33 ikilinganishwa na ya milimita 30, kwa chuma kile kile, haina nguvu zaidi kwa asilimia 10 bali kwa asilimia 33. Ya milimita 35 inakaribia asilimia 60 zaidi. Milimita chache zina maana kubwa sana. Lakini kinachohesabiwa ni sehemu nyembamba kuliko zote, na mara nyingi hapo ni kwenye mizizi ya meno, kwa hiyo shafti iliyonenepa katikati huku meno yake yakiwa yale ya zamani haijaongeza kitu. Land Rover ni mfano mzuri. Shafti za zamani zenye meno 10 zilijulikana kwa kukatika, na kiwanda baadaye kikaenda kwenye meno 24, membamba na mengi, ambayo yanaacha chuma kingi zaidi katikati.

Aina ya chuma nayo ina uzito wake. Shafti ya kiwandani hupashwa moto na kupozwa ghafla ili tabaka la nje liwe gumu na moyo ubaki na unyumbufu. Shafti za kuongeza nguvu hutengenezwa kwa chuma chenye kromu na molibdeni, kama kile cha daraja la 4340. Shafti iliyokerezwa karakana kutoka kwenye nondo ambayo hakuna anayejua asili yake inaweza kufanana kwa vipimo vyote, lakini bila chuma sahihi na bila kupashwa moto ipasavyo itasokoteka mapema. Na kuunga shafti iliyokatika kwa kuchomelea ni hatari tupu: joto linaharibu ule ugumu pande zote mbili za weldi, na inakatika tena pembeni ya pale ilipoungwa, pengine gari likiwa kwenye mteremko.

Ukishaongeza nguvu ya shafti, jiulize msokoto utakwenda wapi. Shafti mpya ikigoma kukatika, kinachofuata kwenye mnyororo ni gia ndogo za ndani ya difu, kisha krauni na pinioni, kisha krosi, yaani kiungio cha propela. Shafti inabadilishwa njiani kwa nusu saa. Krauni na pinioni inataka gereji, vipimo na fedha nyingi. Kwa sababu hiyo wapo mafundi wazoefu wanaopenda shafti ibaki kuwa kiungo dhaifu kwa makusudi, na siwalaumu. Difu loki, iwe ya umeme ya kiwandani au ya upepo, inazidisha swali hili, kwa kuwa inaruhusu upande mmoja kupokea msokoto wote. Ukiifunga kwenye ekseli yenye shafti nyembamba, umeitafutia shafti kifo. Mpangilio salama ni shafti kwanza, difu loki baadaye.

Hausingi ndiyo inayosahaulika kuliko vyote, na huku kwetu ndiyo inayoteseka. Tuseme pikapu ina mita 3.2 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Ukitundika kilo 200 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye mkia wa bodi, ekseli ya nyuma haipati kilo 200. Inapata kama 262, kwa sababu mkia umeinyanyua mbele kwa kilo 62. Piga hesabu hiyo kwa magunia yanayopangwa hadi nje ya bodi, ongeza mashimo ya barabara ya Uvinza kwenda Kalya, na utaelewa kwa nini hausingi inapinda taratibu bila mtu kuona. Dalili zake ni matairi ya nyuma kulika upande mmoja, oili sili kuvuja kila mara hata zikibadilishwa, na beringi za upande ule ule kufa mfululizo. Pima umbali kati ya matairi mawili ya nyuma upande wa mbele na upande wa nyuma yake, kisha juu na chini. Kama gari liko kwenye sakafu tambarare na vipimo vinatofautiana waziwazi, hausingi si nyoofu, na shafti yoyote utakayoweka itakuwa inazunguka ikiwa imepindwa.

Hausingi ya bati nene, kama za Toyota, inaweza kuongezewa nguvu kwa kuchomelewa mkanda wa chuma juu yake na vipande vya pembe karibu na ncha. Kazi hii inaharibika kwa urahisi kuliko inavyoonekana, kwa sababu weldi ikipoa inajikunja na kuivuta hausingi. Fundi mzuri anachomelea vipande vifupi, leo kushoto kesho kulia, anaacha chuma kipoe chenyewe bila maji, na anapima unyoofu kila hatua. Waya wa ethi anaubana kwenye hausingi yenyewe karibu na anapochomelea ili umeme usipite kwenye beringi, na betri ameshaifungua. Kwa ekseli ya Salisbury iliyofungwa kwenye Land Rover 110 za mwanzo, ambayo chimbuko lake ni Dana 60 ya Marekani, sehemu ya katikati ni ya chuma cha kusubu. Hiyo haichomelewi kienyeji, inapasuka. Bahati nzuri ni ekseli ngumu na haihitaji sana msaada huo.

Anayebadili ekseli nzima, jambo la kwanza ni uwiano wa difu. Mbele na nyuma lazima zilingane, la sivyo ukiingiza fo-wili kwenye ardhi ngumu ekseli mbili zinapigana hadi kitu kivunjike. Usiamini maneno ya muuzaji, hesabu meno. Krauni yenye meno 37 na pinioni yenye 9 inatoa 4.11. Krauni ya 37 na pinioni ya 10 inatoa 3.70. Kwa macho zinafanana. Baada ya hapo pima upana, nafasi ya vikalio vya springi na idadi ya stadi za tairi: Land Cruiser 70 za zamani zina stadi 6, na zilizotoka kuanzia 1999 nyingi zina 5. Pembe ya pinioni nayo iangaliwe, kwa kuwa vikalio vikichomelewa kwa pembe mbaya propela itatetemeka na kula krosi. Breki zisiachwe mwisho: breki ya mkono ifanye kazi, na ile valvu inayogawa breki kulingana na mzigo irudishwe mahali pake.

Ndani ya difu, pengo kati ya meno ya krauni na pinioni kwa ukubwa huu ni kati ya milimita 0.1 na 0.2, na mguso wa meno unapimwa kwa kupaka rangi na kuzungusha. Kazi hiyo haifanywi kwa kukisia kwa mkono. Kama fundi wako hana kifaa cha kupimia pengo, bora umwombe difu iliyokamilika itolewe nzima na kufungwa nzima.

Maji nayo yanaua difu nyingi kimyakimya. Ekseli iliyotembea saa nzima imepata joto. Ikiingia kwenye maji ya Malagarasi yaliyofurika, hewa iliyo ndani inasinyaa ghafla na kuvuta. Kama kipumulio kilicho juu ya hausingi kimeziba kwa tope, kinachovutwa ni maji, kupitia oili sili. Mpira mrefu wa kipumulio, uliopandishwa hadi juu ya bodi, unagharimu kidogo kuliko beringi moja. Kila baada ya kuvuka maji ya kina, fungua nati ya oili kidogo. Ikitoka oili yenye rangi ya maziwa, mwaga yote siku hiyo hiyo.

Gari likishafungwa ekseli mpya au krauni na pinioni mpya, lisipakiwe kesho yake. Liendeshwe taratibu kama kilomita 30 bila mzigo, lisimame hadi difu ipoe, lirudiwe hivyo mara kadhaa. Baada ya kilomita mia chache kaza upya yu-bolti za springi na nati za habu, kisha badilisha oili ya difu, weka mpya ya daraja la GL-5, na uchunguze ile uliyomwaga. Vumbi laini la chuma kwenye sumaku ya nati ni la kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida, na gari lisiende popote hadi difu ifunguliwe.